Kipindi cha Sanaa Shuleni: Mzazi Anapaswa Kujua Nini

Maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi Tanzania, yakianza, malalamiko yanayoletwa ofisini kwetu hapa Nyanda za Juu Kusini huwa ya aina mbili. Wapo wazazi wanaosema watoto wanachezeshwa ngoma badala ya kusoma. Wapo wanaohoji ilikoenda "hela ya ngoma" iliyoletwa na Serikali.

Hela hiyo haiji kama fungu lenye jina hilo. Serikali hugharamia sanaa kupitia mtaala, vitabu, walimu na ruzuku ya uendeshaji. Kwa shule ya msingi ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 ni za vitabu, 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Kwa sekondari ni 25,000, nusu vitabu, nusu shule. Shule ya msingi yenye wanafunzi 400 hupokea basi shilingi 2,400,000 kwa mwaka mzima, na humo humo kuna chaki, mitihani na ukarabati. Ngozi ya ngoma inasubiri foleni. Hilo tunalijua na linatuuma.

Kuhusu hoja ya kwanza, naomba tuelewane. Katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, darasa la I na II husoma Utamaduni, Sanaa na Michezo. Darasa la III hadi la VI husoma Sanaa na Michezo. Ni somo, lina muhtasari na lina nafasi kwenye ratiba. Mwalimu anayekichukua kipindi hicho kufundishia Hisabati anamnyima mtoto haki yake, hata kama wazazi wanampigia makofi.

Na vifaa tunavyo. Iringa kuna milulu, nyasi za kusukia vikapu. Matema, wilayani Kyela, mama wa Kikisi hukifinyanga chungu kwa mkono, hukilainisha, hukianika, ndipo hukichoma. Mwiteni darasani. Mtoto atakayeona chungu kikipasuka motoni kwa sababu hakikukauka vizuri atauliza maswali ya sayansi bila kulazimishwa. Mzee anayejua kupiga ligombo, ala ya nyuzi ya asili, naye ni hazina. Shule nyingi hazijawahi hata kumbishia hodi.

Sasa michango. Mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa kukosa sare ya ngoma wala nauli ya mashindano. Mchango ni wa hiari, ujadiliwe kwenye mkutano wa wazazi, upate kibali cha mamlaka husika, na fedha zisipokelewe mkononi na mwalimu. Ukidaiwa kinyume na hapo, anza kwa mwalimu mkuu. Usiporidhika, nenda kwa kamati ya shule, kisha afisa elimu kata, kisha mkurugenzi wa halmashauri. Andika barua: jina la shule, darasa, kiasi ulichodaiwa, tarehe, na nani alikudai. Kama ulilipa, ambatisha stakabadhi. Kama hukupewa, liandike hilo pia. Mwalimu anayethibitika kukiuka anaweza kufikishwa mbele ya mamlaka yake ya nidhamu, na adhabu huanzia onyo hadi kufukuzwa kazi. Ndiyo maana tunahitaji ushahidi. Ujumbe wa sauti uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, bila jina la shule, hatuwezi kuufanyia kazi.

Ruzuku ikiingia, mwalimu mkuu anatakiwa kubandika taarifa ya mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Isome, na kikao kijacho cha wazazi uliza sanaa imetengewa shilingi ngapi.