Winchester za Kale Zenye Nakshi: Yanayosemwa na Yalivyo

Bunduki za kuwindia za Marekani za karne ya 19, zile ambazo mwindaji husukuma wenzo ulio chini ya mtambo na kuurudisha ili risasi nyingine ipande, zina wapenzi wengi, na maneno ya uongo kuzihusu ni mengi pia. Nitazungumzia zile za kampuni ya Winchester, kwa kuwa ndizo zinazodanganya watu zaidi.

“Ikisuguliwa ing'ae, bei inapanda.”
Inaporomoka. Nakshi ya mkono hukatwa kwa tindo ndogo, na uzuri wake wote umo kwenye kingo kali za mikato. Msasa hula kingo hizo: manyoya ya paa aliyechongwa yanafifia, majani yanakuwa mistari butu, herufi za kiwandani zinazama. Anayeijua milango ya zamani ya Zanzibar ameshaona nakshi iliyouawa namna hii. Chuma kilichofifia kwa kushikwa miaka mia kina thamani kuliko kilichopakwa rangi upya jana. Kitambaa laini na mafuta mepesi vinatosha.

“Nakshi ina umri sawa na bunduki.”
Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Ni kweli kiwanda cha New Haven, Connecticut, kilikuwa na wachonga nakshi hodari, hasa ukoo wa Ulrich: Conrad, Herman na John. Lakini bunduki nyingi mno zilitoka kiwandani zikiwa wazi, bila ua hata moja, na bunduki iliyo wazi inaweza kuchongwa mwaka wowote, hata mwaka jana. Jina la fundi halimalizi ubishi. Baadhi ya kazi za akina Ulrich zina jina lililogongwa mahali pa kujificha, nyingine hazina kabisa, na muhuri wa jina ni rahisi kughushi.

Kinachosaidia ni daftari. Jumba la makumbusho la silaha lililoko Cody, Wyoming, limehifadhi vitabu vingi vya kiwanda. Ukiwapa modeli na namba ya bunduki, wanakuandikia barua inayoeleza kilichoandikwa siku zile: aina ya mtutu, kitako, na nakshi kama ilikuwapo. Kumbukumbu za modeli ya 1866 za mwanzoni hazipo, kwa hiyo huko jicho la mtaalamu ndilo tegemeo. Ila kama ukurasa upo na hautaji nakshi, mimi ningelipa bei ya bunduki isiyo na nakshi, au ningeondoka.

“Nakshi nyingi, bei kubwa.”
Si lazima. Mwaka 2016 modeli ya 1886 yenye namba 1 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 1,265,000. Aliyekuwa amezawadiwa ni Kapteni Henry Lawton, mmoja wa maofisa wa jeshi waliomsaka Geronimo, kiongozi wa Waapache, na maandishi yaliyochongwa juu yake ni mafupi: “Albee to Lawton”, yaani “Kutoka kwa Albee kwenda kwa Lawton”. Kilicholipiwa ni historia inayothibitika.

“Zenye nakshi zilikuwa za ukutani.”
Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliwinda na modeli ya 1876 iliyochongwa na John Ulrich katika nyika za magharibi ya Marekani. Huyu ndiye aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na Winchester za modeli ya 1895. Mikwaruzo ya uwindaji wa kweli haiondoi heshima ya bunduki.

“Risasi mpya ya saizi ileile inafaa.”
Hili linaweza kuua. Modeli za 1866, 1873 na 1876 ziliundwa kwa baruti nyeusi, na mtambo wake si imara kama ule ambao John Browning alibuni kwa modeli ya 1886. Risasi za leo zenye nguvu zinaweza kuupasua usoni pako.

“Mwaka ulio kwenye mtutu ndio iliotengenezwa, na ya kale haihitaji kibali.”
Mwaka ule ni wa hataza, yaani haki ya ubunifu iliyosajiliwa. Modeli ya 1873 iliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20, huku mitutu mingi ikibeba 1860 na 1866. Jambo hili ni la kisheria pia: sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa hiyo modeli ya 1894 iliyoundwa mwaka 1900 haimo. Na nafuu hiyo ya silaha za kale haivuki bahari. Tanzania ina sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya ina yake, na mnunuzi aulize mamlaka ya nchi yake kabla hajatoa hata senti.