Upendeleo wa vyombo vya habari ni nini, na unajengaje mawazo ya watu

Wakenya walipiga kura tarehe 9 Agosti 2022, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikaweka fomu za matokeo kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Fomu hizo, maarufu kama 34A, zilitoka kwenye vituo zaidi ya 46,000. Vituo vya televisheni vikaanza kuzijumlisha vyenyewe. Aliyekuwa akibadilisha chaneli alikuta William Ruto anaongoza huku, Raila Odinga anaongoza kule, saa ileile. Chanzo kilikuwa kimoja, na kura hazikuwa za kubuni. Ila kila kituo kilizichukua fomu kwa mpangilio wake na kwenda kwa kasi yake, ndiyo maana jumla hazikulingana. Siku chache baadaye vituo viliacha kujumlisha, na tarehe 15 mwenyekiti wa tume akatangaza matokeo: Ruto asilimia 50.49, Odinga asilimia 48.85. Mtu aliyeshinda siku mbili tatu akitazama mgombea wake yuko mbele, ni kazi kubwa kumwambia kwamba hakuwahi kuwa mbele kwa namna ile alivyofikiri.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu hauna mwongo ndani yake. Upendeleo wa vyombo vya habari hauhitaji uongo. Ni ile tabia ya chombo kuchagua, kupanga na kueleza habari kwa namna inayoelemea upande mmoja, tena kwa kurudiarudia, hadi msikilizaji aone kuwa huo ndio mwonekano wa kawaida wa mambo. Hesabu za 2022 hazikupangwa kumpendelea mtu, lakini zinaonyesha mtambo wenyewe unavyofanya kazi: ukichagua kipi kitangulie na kipi kisubiri, umeshachagua mtazamaji aamini nini kwa saa hiyo. Chaguo likielekea upande uleule kila siku, mwaka baada ya mwaka, hapo ndipo tunapouita upendeleo, awe mhariri amekusudia au hakukusudia.

Watafiti wawili wa Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliupima mtambo huu wakati wa kampeni za urais za 1968. Walikwenda mji wa Chapel Hill, North Carolina, wakawahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa hawajaamua wamchague nani, wakawauliza ni mambo gani yanaisumbua nchi zaidi. Kisha wakachambua magazeti, majarida na taarifa za televisheni ambazo watu hao walikuwa wakizifuata. Orodha mbili zilikaribiana mno: yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo ndiyo wapiga kura waliyoyataja kuwa makubwa. Utafiti ulichapishwa 1972, na tangu hapo wasomi wanazungumzia nguvu ya vyombo ya kuweka ajenda. Gazeti huenda lisifanikiwe kukwambia umpende nani. Linafanikiwa sana kukwambia leo tubishane kuhusu nini, na jambo ambalo halimo kwenye ubishi linabaki bila mtetezi.

Hatua ya pili ni maneno. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda yalianza Aprili 1994 na kudumu kama siku mia moja. Katika majuma ya mwanzo, sehemu kubwa ya vyombo vya Magharibi iliyaeleza kama vita vya kikabila, machafuko, chuki za kale zilizolipuka upya. Fikiria msomaji wa mbali anaelewa nini hapo: makabila mawili yanapigana, hakuna mwenye hatia zaidi ya mwingine, na mgeni hana la kufanya. Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Palikuwa na mpango, palikuwa na viongozi wa serikali na jeshi, palikuwa na wanamgambo wa Interahamwe, na kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kilichoandikwa kabila kiliamua nani apite na nani auawe. Maneno “vita vya kikabila” yalimwondoa muuaji kwenye sentensi. Na kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa ikifanya uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote mwezi huohuo, macho na kamera nyingi zilikuwa huko. (Redio RTLM, iliyokuwa ikichochea mauaji ndani ya Rwanda kwenyewe, ni jambo jingine. Huo ulikuwa uchochezi, na mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura mwezi Desemba 2003. Tukiviita vyote viwili upendeleo tunaupunguzia uchochezi uzito wake.)

Mfano mwepesi zaidi ni wa Julai 2015. Rais Obama alikuwa njiani kwenda Nairobi, na CNN ikaieleza Kenya kama kitovu cha ugaidi. Mashambulizi yalikuwepo kweli, watu 148 walikuwa wameuawa Chuo Kikuu cha Garissa miezi mitatu kabla, lakini nchi nzima ilifinywa ikaingizwa ndani ya neno hilo moja. Wakenya walikasirika mtandaoni kiasi kwamba mwezi Agosti kiongozi mmoja wa juu wa CNN alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi.

Upendeleo unaonisumbua zaidi, hata hivyo, haufikii kiwango cha kuombewa radhi. Ni ule wa nani amehojiwa. Soma habari yoyote ya watu waliopigwa risasi na polisi usiku, iwe Dar es Salaam au Nairobi. Mara nyingi msemaji ni mmoja: kamanda. Yeye ndiye anayesema walikuwa wangapi, walikuwa na silaha gani, walifyatua wao kwanza. Mwandishi anaandika “majambazi” kwenye kichwa cha habari, bila hata neno “watuhumiwa”, na habari imekwisha. Familia haikutafutwa, jirani hakuulizwa, na aliyekufa hana pa kukanushia. Mwandishi hajatunga chochote. Kamanda alisema hivyo na yeye amenukuu. Msomaji akikutana na habari za aina hiyo miaka kumi mfululizo, anazoea kwamba anayeuawa na polisi ni jambazi kwa sababu ameuawa na polisi. Siku mtoto wa jirani yake akifa hivyohivyo, ndipo anagundua kwamba hana pa kupeleka maneno yake.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kamanda anapokea simu, familia iko mbali, gazeti linakwenda mtamboni saa chache zijazo. Mwenye chombo ana biashara na marafiki. Matangazo ya serikali na makampuni makubwa ndiyo yanayolipa mishahara, na mhariri anajua bila kuambiwa habari ipi itaondoa tangazo lipi. Wakati mwingine chaguo hufanywa juu kabisa: mwanzoni mwa 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena mikutano ya Bunge moja kwa moja, kwa maelezo kwamba gharama ni kubwa, na badala yake itaonyesha kipindi kilichorekodiwa usiku. Kilichorekodiwa kimepita mikononi mwa mhariri. Mwananchi hakuona tena mbunge wake akisimama, akikatizwa, akijibiwa au akinyimwa jibu, aliona kilichobaki.

Nguvu hii ina mipaka, na ni vizuri kuisema. Bei ya unga haihitaji mtangazaji. Anayenunua kila siku anajua imepanda, na taarifa ya kwamba uchumi unakua haitamgeuza mawazo. Vyombo vinatushika zaidi pale tusipokuwa na macho yetu wenyewe. Watu wa Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, waliishi na vita kwa miaka, na Redio Okapi, ya Umoja wa Mataifa, imekuwa ikitangaza huko tangu 2002, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake. Msikilizaji wa Mombasa au Muscat aliisikia Goma kwa kishindo Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Kwa aliyeanza kusikiliza siku hiyo, vita ilianza siku hiyo, na maswali aliyouliza yalikuwa ya nani ameteka nini. Nani alikuwa akiuza madini, nani alikuwa akileta silaha, na ni watu wangapi walikuwa tayari wakiishi kambini kabla ya Januari, hayo yalikuwa yametangazwa miaka yote kwa lugha anayoielewa, kwenye redio ambayo hakuwahi kuifungulia.