Majina yanayokibeba kiolezo cha grafiki za mwendo, na yanayokiangusha

Watengenezaji wengi wa violezo vya grafiki za mwendo (faili za uhuishaji zilizoandaliwa ili mnunuzi aweke maandishi na rangi zake) wakishamaliza uhuishaji huona kazi imekwisha. Kwangu hapo inabaki nusu nzima, na sehemu kubwa ya nusu hiyo ni kuvipa vitu majina. Mnunuzi ni mhariri wa video mwenye saa ya kukabidhi kazi. Anafungua faili wewe haupo, na hana wa kumuuliza leya (tabaka) inayoitwa "Shape Layer 47" inafanya nini. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba ndani ya After Effects, programu ya Adobe tunayotengenezea uhuishaji huu, jina ni anwani pia. Ekspresheni, yaani mistari mifupi ya msimbo inayoendesha sifa za leya, huvitafuta vitu kwa majina yao, na anwani ikipotea kiolezo kinasimama.

Chukua suala la lugha ambayo programu inaonyeshwa nayo, kama Kiingereza au Kijerumani. Umeweka efekti ya slaida (kidhibiti cha kusogeza namba), hukuibadilisha jina, kisha ukavuta kamba ya kuunganishia ili leya nyingine isome thamani yake. After Effects itakuandikia effect("Slider Control")("Slider"), na kwako kila kitu kitakwenda. Sasa mnunuzi mwenye After Effects ya Kijerumani anaifungua kazi ile. Majina ambayo programu yenyewe iliyatoa hufuata lugha ya programu, kwa hiyo "Slider Control" haipo tena, na onyo la hitilafu linamsubiri kabla hajagusa chochote. Dawa yake ni fupi. Ipe efekti jina lako mwenyewe, kwa sababu jina ulilolitoa wewe halitafsiriwi, kisha taja sifa yake kwa namba ya mpangilio: effect("Ukubwa wa nembo")(1). Kama efekti ina sifa nyingi na kuzihesabu kunachosha, tumia jina la ndani la sifa, kwa mfano "ADBE Slider Control-0001", ambalo halibadiliki katika lugha yoyote. Zipo skripti (programu ndogo) za kukagua jambo hili mradi mzima kwa mara moja. Mimi huzitumia, halafu bado nabadilisha lugha ya programu na kujionea mwenyewe.

Jambo la pili ni kugongana kwa majina. Wanunuzi huingiza violezo viwili au vitatu katika mradi mmoja. Ikiwa kompozisheni yako ya vidhibiti (kompozisheni ni eneo la kazi lenye leya zake na muda wake) inaitwa "Controls", na ya jirani nayo inaitwa "Controls", basi comp("Controls") ina majibu mawili, na rangi za kiolezo chako zinaweza kuanza kufuata amri za mwingine. Ndiyo maana kila kiolezo changu kina herufi tatu za kukitambulisha, na kila kompozisheni ya ndani huanza nazo: MKD_Vidhibiti, MKD_Picha_01, MKD_Kuu. Soko lenyewe ni la Kiingereza na majina haya huko huandikwa kwa Kiingereza; hapa nayaandika kwa Kiswahili ili tuelewane.

Leya za maandishi zina mtego wake. Leya ya maandishi ambayo hujaipa jina hujiita kwa maneno yaliyomo ndani yake, na maneno yakibadilika jina nalo linabadilika. Kazi ya mnunuzi ni kubadilisha maneno hayo hayo! Ibadilishe jina kwa mkono mara moja tu, litabaki hapo hapo.

Kuhusu injini ya ekspresheni sitasema mengi. Toleo la 16 la After Effects, la Oktoba 2018, lilileta injini ya JavaScript kando ya ile ya zamani, na baadhi ya mistari inayokubalika katika moja hukataliwa katika nyingine. Chagua moja, iwekwe kwenye mipangilio ya mradi, jaribu, endelea.

Kuna majina ambayo mnunuzi atayaona kila dakika, nayo ni yale unayoyaandika kwenye paneli ya Essential Graphics. Paneli hii ilikuja mwaka 2017 pamoja na faili za .mogrt, zinazomwezesha mhariri kubadilisha kiolezo ndani ya Premiere, programu ya Adobe ya kuhariri video, bila kuufungua mradi wa After Effects. Kila kidhibiti kipewe jina la kile kinachoonekana kwenye skrini. "Rangi ya mstari wa chini" inaeleweka. "Fill 2" haieleweki, na "Rangi ya pili" ni ya kubahatisha. Panga makundi kwa mfuatano wa kazi ya mhariri: maandishi kwanza, kisha rangi, kisha ukubwa na mahali, muda mwishoni. Slaida ziwekee mipaka. Slaida inayoruhusu namba hasi pale ambapo namba hasi inageuza nembo kichwa chini ni mwaliko wa malalamiko. Nina msimamo ambao wenzangu wengine wanaupinga: vidhibiti vichache ni bora. Kiolezo chenye vidhibiti arobaini huonekana kina thamani kwenye ukurasa wa mauzo, lakini mhariri aliyebanwa na muda hugusa maandishi, rangi mbili na labda kasi. Vingine vyote ni vya kumpoteza njia.

Usisahau fremu ya kuonyesha. Paneli hiyo inakuruhusu kuchagua ni fremu ipi iwe picha ya kiolezo, na usipochagua, mara nyingi kiolezo kinachoanza na skrini tupu kitaonekana kama kisanduku cheusi kwenye orodha ya Premiere. Katika orodha hiyo hiyo, majina hupangwa kwa herufi, kwa hiyo andika 01, 02, 03. Bila sifuri, 10 inaweza kuja kabla ya 2.

Maandishi nayo yanahitaji kuteswa kabla ya kuuzwa. Visanduku vinavyojinyoosha kufuata urefu wa maneno hutegemea sourceRectAtTime, amri ya ekspresheni ambayo hupima umbo halisi la herufi zilizopo. Andika "nasema" na herufi zote zitakaa juu ya mstari. Andika "pango" na mikia ya p na g inashuka, kimo kinaongezeka, kisanduku kinaruka. Kwa upana acha kipimo kifuate maneno. Kwa kimo, nafunga kisanduku kwenye ukubwa wa fonti, au kwenye leya iliyofichwa yenye herufi "Apg" za ukubwa ule ule. Kisha najaribu jina fupi kuliko yote, jina refu lisilo na nafasi, herufi kubwa tupu, na mistari miwili pale nilipokusudia mmoja.

Fonti haisafiri ndani ya .mogrt. Mnunuzi asiye nayo atapewa mbadala na vipimo vyote vitahama. Tumia fonti za Adobe Fonts, ambazo mtu mwenye usajili wa programu anaweza kuziwasha, au fonti yenye leseni huria ya SIL ambayo kiungo chake utakiweka kwenye maelezo. Kupakia faili ya fonti ya kulipia pamoja na kiolezo ni kugawa mali ya mtu.

Sasa jina la kiolezo kwenye duka la mtandaoni. Hapa mahitaji ni tofauti kabisa, maana anayelisoma bado hajanunua na anatafuta kwa maneno. Anza na kitu chenyewe: ufunuo wa nembo, ukanda wa jina, mipito ya klipu. Mtindo ufuate: safi, wa karatasi, wa neoni. Idadi iwekwe ikiwa ni ya kweli, na usihesabu rangi tofauti za kitu kimoja kama vitu vipya. Sifa za kujipamba hazitafutwi na mtu. Usiweke jina la kampuni au kipindi maarufu ili kuvuta watafutaji. Ni alama ya biashara ya wengine, na kazi inaweza kukataliwa au kuondolewa. Kwa maneno ya utafutaji, Adobe Stock, soko la Adobe la picha, video na violezo, huruhusu hadi 49 kwa picha na video na kushauri yaliyo muhimu zaidi yatangulie. Utaratibu huo naufuata hata katika masoko yasiyoudai. Neno "harusi" kwenye kiolezo cha takwimu za biashara litakuletea watu, na wataondoka.

Mwisho ni kifurushi. Ondoa klipu zisizotumika, unganisha zilizojirudia, kusanya faili zote. Muziki na picha za video ya maonyesho zibaki nje kama leseni yake haikuruhusu kuzigawa, na maelezo yaseme hivyo waziwazi. Majina ya faili yasiwe na alama kama : * ? ambazo Windows huzikataa, na folda zisizame sana. Programu nyingi za Windows bado hukwama njia ya faili inapozidi herufi 260, na mnunuzi anayefungua kifurushi ndani ya folda zake tano tayari ameshatumia nyingi kati ya hizo. Nikishakifunga, nakipeleka kwenye kompyuta isiyo na fonti zangu wala plagini (programu za nyongeza) zangu, nakifungua kutoka kwenye zip ile ile nitakayoipakia, kisha nabadilisha maandishi yote na kurenda (kuitoa video kamili) mpaka mwisho.