Mistari imejaa, intaneti inatambaa

Mvua za Dodoma, kati ya Desemba na Aprili, hupenda kushuka kwa kishindo. Hapo ndipo malalamiko huanza: simu inaonyesha mistari yote ya mtandao, lakini video haifunguki. Wengine huchomoa laini wakaifuta kwa shati. Laini haina kosa.

Mistari ile hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara ulio karibu, basi. Kutoka hapo data ina safari nyingine. Minara mingi ya vijijini haijafikiwa na mkongo, ile nyaya ya nyuzi za kioo inayobeba data kwa mwanga. Hurushiana data kwa madishi yanayotazamana, yale maduara meupe kama ngoma unayoyaona juu mnarani. Madishi hayo hutumia masafa ya juu, kwa mfano gigahezi 23, ambako wimbi lina urefu wa milimita 13 hivi. Tone kubwa la mvua hufika milimita 5, kwa hiyo hulinyonya na kulitawanya. Wimbi la simu la megahezi 900, lenye sentimita 33, hupita kwenye mvua hiyohiyo bila shida.

Zamani kiungo cha madishi kilipangiwa kasi moja: kinapita au kinakatika. Siku hizi redio, yaani mitambo ya kurusha na kupokea iliyo kwenye madishi ya pande zote mbili, hupimana muda wote. Data hurushwa kwa alama, yaani maumbo tofauti ya wimbi. Anga likiwa safi, kila alama inayorushwa huwa moja kati ya 256 na hubeba biti 8, yaani sifuri na moja nane. Mpokeaji akianza kuzichanganya, mrushaji hushuka hadi alama 64, 16, hata 4. Alama nne zimeachana mbali, si rahisi kuzikosea, ila kila moja hubeba biti 2 tu. Kasi imebaki robo. Kushuka ni papo hapo. Kupanda, redio husubiri kwanza hali itulie, la sivyo ingeyumba kwa kila manyunyu.

Katika robo hiyo, kwa kawaida sauti hutangulizwa, video hufuata. Naona ni haki: mwenye mgonjwa kule Mpwapwa apate kupiga simu, mpira usubiri.

Simu na mnara nao hupimana hivyohivyo. Kwenye 4G simu huripoti ubora wa njia kwa daraja 0 hadi 15, mara nyingi kwa sekunde. Ndani ya treni ya reli ya kisasa (SGR) ikienda kilomita 160 kwa saa, kila sekunde umesogea mita 44, na ripoti huchakaa upesi; mnara hukadiria kwa tahadhari na kurudia vipande vilivyoharibika.

Wingu likitanda na una faili zito, litume mapema. Mvua ikishakolea, andika ujumbe mfupi. Kuzima na kuwasha simu kunamaliza chaji tu.