Kwa Nini Pearl Jam Waliacha Kutengeneza Video Baada ya Kushinda Tuzo 4?

Septemba 1993, kwenye tuzo za video za MTV, bendi ya Pearl Jam kutoka Seattle ilizoa tuzo 4 kwa video moja tu, "Jeremy". Mojawapo ilikuwa ile kubwa kabisa, ya video bora ya mwaka. Bendi nyingine yoyote ingerudi haraka kupiga video ya pili na ya tatu kabla jina halijapoa. Wao wakafunga duka. Video yao iliyofuata ilitoka 1998.

Wengi husema walichoshwa na umaarufu. Ni kweli, ila hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine imo ndani ya video yenyewe, kwenye sekunde chache za mwisho.

Tuanze na wimbo. Januari 1991, katika mji wa Richardson, Texas, mwanafunzi wa miaka 15 alijipiga risasi mbele ya wenzake darasani. Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, aliisoma habari hiyo gazetini. Kilichomchoma ni udogo wa habari yenyewe: mtoto amejitoa uhai, na kilichobaki kwake ni aya chache kwenye gazeti. Akaandika mashairi, akayachanganya na kumbukumbu za mvulana mwingine aliyesoma naye San Diego. Muziki ulitungwa na mpiga besi, Jeff Ament. Ile milio ya mwanzo inayolia kama kengele ndogo, ambayo wengi hudhani ni gita, ni besi yenye nyuzi 12. Wimbo ukaingia kwenye albamu yao ya kwanza, "Ten", iliyotoka Agosti 1991.

Video iliongozwa na Mark Pellington, ikaanza kuonyeshwa MTV mnamo Agosti 1992. Itazame kwa makini, kwa maana imefumwa kwa ufundi mkubwa. Mvulana yuko kifua wazi msituni, anachora. Nyumbani anapiga kelele mbele ya wazazi wake, nao wameganda mezani kama sanamu. Wanafunzi wenzake wanamcheka, wanamnyooshea vidole. Katikati ya picha yanapita maneno yaliyoandikwa, likiwemo lile la hali ya hewa ya siku ile: nyuzi joto 64 za Farenhaiti, mawingu. Vedder amekaa gizani, macho yamemtoka, anaimba kama shahidi aliyeletwa kizimbani kwa nguvu.

Kisha mwisho. Mvulana anaingia darasani, anamrushia mwalimu tufaha, anasimama mbele ya wenzake. Pellington alikuwa amepiga picha ya mtoto akijielekezea bastola mwenyewe. MTV hawakukubali kuionyesha. Ikabidi ihaririwe: uso wa mvulana ukakuzwa mpaka ukajaza skrini, bastola ikabaki nje ya picha, anafumba macho, mwanga unamulika. Picha inayofuata ni ya wanafunzi walioganda kwenye madawati yao, mikono wameinua kujikinga, damu imetapakaa kwenye mashati meupe.

Sasa jiweke mahali pa mtazamaji wa 1992. Umemwona mtoto anayeonewa, umeona hasira yake, halafu umeona damu kwenye miili ya wenzake. Bastola hukuiona, wala ilikoelekea. Akili ya binadamu haikai na pengo. Huunga picha mbili zilizopangana na kuzaa kisa. Watu wengi mno wakaelewa kwamba Jeremy, yule mvulana wa kwenye video, amewaua wanafunzi wenzake. Ile damu ilikuwa yake mwenyewe. Mkato uliokusudiwa kumkinga mtazamaji asione kifo cha mtoto mmoja ukamfanya aamini mauaji ya darasa zima, na mtoto ambaye wimbo ulimlilia akageuzwa kuwa muuaji. Binafsi naona hili ndilo jambo la kuhuzunisha kuliko yote katika historia ya video za grunge, ule muziki wa roki wa Seattle.

Bendi nayo ilikuwa na mashaka na kamera tangu mwanzo. Video ya "Alive" ilirekodiwa Agosti 1991 katika ukumbi mdogo wa Seattle, nyeusi na nyeupe, na sauti unayoisikia ni ya jukwaani siku hiyohiyo, kwa kuwa hawakutaka kuigiza kuimba. Kwenye "Even Flow", iliyopigwa Januari 1992 katika ukumbi wa Moore, Vedder anasikika akimfokea mwongozaji Josh Taft azime taa, kwamba hapa ni kwenye onyesho na si studio ya televisheni. Kampuni ya kurekodi ilipowashinikiza waitoe "Black" kama singo na kuifanyia video, walikataa katakata. Ulikuwa wimbo wa siri za moyo mno, hawakutaka uvishwe sura ya mtu mwingine.

Kwa hiyo usiku ule wa tuzo haukuwa wa shangwe tupu. Vedder alisema jukwaani kwamba kama si muziki, huenda na yeye angejipiga risasi mbele ya darasa. Baada ya hapo msimamo ukawa mmoja: hatutaki nyimbo zetu zikumbukwe kama video.

Je, waliporomoka? Oktoba 1993 walitoa albamu ya "Vs." bila video hata moja. Wiki ya kwanza iliuza zaidi ya nakala 950,000 Marekani, rekodi kwa wakati ule. Waliporudi kwenye video mwaka 1998, kwa wimbo wa "Do the Evolution", walitumia katuni, na hakuna mwanabendi anayeonekana.

"Jeremy" ilibaki imekatwa kwenye televisheni kwa karibu miaka 28. Juni 5, 2020, siku ya uhamasishaji dhidi ya ukatili wa bunduki nchini Marekani, bendi iliweka YouTube toleo kamili. Mkono unaonekana, bastola inaonekana, na aliyeelekezewa anaonekana. Inachukua muda mfupi sana, na ni vigumu kuitazama. Kisha wanatokea wale wanafunzi na mashati yao meupe, walewale wa 1992, na safari hii unajua damu ile ni ya nani.