Kibera haina watu milioni moja

Kwa miaka mingi Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, imetajwa kuwa na watu milioni moja, wengine wakithubutu kusema hata zaidi. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu 170,070.

Wapo waliodai watu wamefichwa. Ni kweli sensa huweza kuwakosa baadhi ya watu, hasa wapangaji wanaorudi nyumbani usiku wa manane. Lakini tazama eneo lenyewe: Kibera ina takriban kilomita za mraba 2.5. Watu milioni moja wangegawana mita za mraba 2.5 kila mmoja, na hapo tumeshahesabu vichochoro, mitaro, makanisa, shule na vibanda vya biashara. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati na hazina ghorofa. Wangelala wapi?

Watafiti wa Map Kibera Project walipitia njia nyingine. Walihesabu wakazi wa Kianda, kimojawapo cha vijiji vinavyounda Kibera, nyumba kwa nyumba, kisha wakatumia matokeo hayo kukadiria vijiji vingine. Walipata kati ya 235,000 na 270,000. Pengo kati yao na sensa ni kubwa, nalo linastahili mjadala, ila milioni iko mbali na zote mbili.

Jambo hili linawagusa wakazi moja kwa moja. Idadi iliyotiwa chumvi huufanya mradi wa maji uonekane hauwezekani kabla haujaanza. Kwa idadi iliyohesabiwa, mabomba na vyoo vinaweza kupangwa kijiji kwa kijiji, kuanzia penye foleni ndefu zaidi.