Je, wajua kwa nini "wimbo wa asili" unaweza kuwa na mwenyewe?

Kwaya ikikuta karatasi ya noti za muziki imeandikwa "wimbo wa asili", huamini hakuna wa kuombwa ruhusa. Mara nyingi maana yake ni kwamba mchapishaji hakuuliza.

Mfano unaouma zaidi ni wimbo wa Mbube. Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi Johannesburg mwaka 1939 pamoja na kundi lake, Evening Birds, akaiuzia kampuni ya Gallo haki zake kwa fedha kidogo mno. Sahani ya santuri ilipofika Marekani, waimbaji wa kundi la huko, The Weavers, walisikia "wimoweh" pale Linda alipoimba "uyimbube". Mtunzi akaandikwa Paul Campbell, mtu asiyekuwepo: lilikuwa jina la bandia la kundi lenyewe. Mwaka 1961 kundi jingine, The Tokens, wakauimba kwa maneno ya Kiingereza, ukavuma duniani. Linda alifariki 1962, fukara. Warithi walishtaki 2004, wakiegemea sheria ya Uingereza ya 1911 iliyowarudishia haki miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Suluhu ilipatikana 2006.

Umiliki si wa fedha tu. Kwa desturi ya Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, joiki (wimbo wa jadi wa Wasami) ya mtu ni mali ya anayeimbwa, si ya aliyeitunga. New Zealand nayo ina sheria ya 2014 kuhusu Ka Mate, haka (ngoma ya kughani) ya Wamaori: anayeitumia katika chapisho la kibiashara au filamu lazima amtaje Te Rauparaha kuwa mtunzi, na chifu wa kabila la Ngāti Toa Rangatira.

Basi kabla ya mazoezi, tafuteni rekodi ya zamani kabisa mnayoweza kuipata; jalada au kibandiko chake huenda kikawa na jina la mwimbaji, na pengine mahali na mwaka. Mpeni mzungumzaji wa lugha hiyo maneno yote, awasahihishe matamshi na aseme wimbo huimbwa lini na nani. Akisema ni wa jando, mazishi au tambiko, uacheni mpaka wenyewe waridhie.

Kosa kubwa hutokea kwenye fomu za hakimiliki. Aliyepanga sauti nne hujiandikisha kama mtunzi, na mirabaha yote (malipo ya wimbo kutumika) humfuata yeye. Andikeni "umetungwa na" na "umepangwa na" katika mistari miwili tofauti. Mtunzi asipojulikana, tajeni jamii, lugha na aliyewafundisha, na mkubaliane naye mapema mgawo wake iwapo rekodi itauzwa.